Usimwage Chungu Hicho

Ua la kwanza la okidi nililolitazama kwa makini maishani lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Lilikuwa jeupe, zambarau imelipitia kwa mbali, limejitanda kichwani kama mama aliyejifunika khanga kwa baridi ya alfajiri. Mmea wenyewe haukufika shubiri: kijishina chembamba, majani mawili, ua moja, basi. Ulisimama juu ya majani makavu chini ya mti wa mutere, ndani ya Msitu wa Kakamega upande wa Isecheno. Nilikuwa na miaka kumi, nimefuatana na kukhu, nyanya yangu, kuokota kuni. Nilipiga magoti nikazisahau kuni. Kukhu aliporudi kunitafuta hakunikaripia. Aliinama, akatazama, akasema, "Mpishe huyo, usimkanyage," kana kwamba anazungumzia mtoto aliyelala njiani.

Jina nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima: Disperis. Limetoka kwenye Kigiriki, maana yake mifuko miwili, kwa kuwa vijani viwili vya pembeni mwa ua vimebonyea vikafanya vijifuko. Nimeishi na ua hilo kichwani zaidi ya miaka thelathini, na karibu yote nitakayoeleza hapa yalianzia pale chini ya mutere.

Ukitaja okidi hapa Nakuru, wengi wanaifikiria ile yenye maua mapana kama vipepeo inayouzwa supamaketi ikiwa imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Waliokulia karibu na misitu watakutajia zile zinazoning'inia juu ya miti. Zote ni okidi. Lakini liko kundi ambalo watu hulipita kila siku bila kuliona: okidi za ardhini, zenye viazi au mizizi minene udongoni, ambazo huibuka mvua ikinyesha, hutoa maua, kisha hupotea kabisa kana kwamba hazikuwahi kuwapo. Kenya ina spishi zaidi ya 250 za okidi, na sehemu kubwa yao ni hizi za ardhini. Kuna Nervilia, ambayo hutanguliza ua, na ua likishanyauka ndipo jani moja la mviringo linapochomoza peke yake. Kuna Holothrix, yenye majani mawili yaliyolala chini kama yamebandikwa kwa gundi, na kikonyo chenye malaika kama ya mkono wa mtoto. Kuna Satyrium, ambayo ua lake lina mikia miwili nyuma. Nyingine ni ndogo mno hivi kwamba bila lenzi huwezi kujua umeona nini.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari. Nilipopata kazi hii nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikapanga nyumba Kiamunyi, na jambo lililonitesa mwaka wa kwanza halikuwa upweke wa mji bali ukavu. Kakamega hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Nakuru haifiki hata nusu ya hiyo mwaka ukiwa mbaya, na Januari upepo wa vumbi unakausha hadi midomo. Niliukosa unyevu, harufu ya majani yanayooza, kile kivuli cha kijani. Basi likizo ya Aprili nilipokwenda nyumbani, nilijichimbia Disperis saba.

Naliandika wazi kwa sababu nataka lijulikane. Nilikwenda asubuhi na kijiko cha jikoni na mkebe wa maziwa ya unga. Sikuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Nilichagua zilizokuwa na maua, kwa kuwa ndizo nilizoweza kuziona. Nilizipandikiza Nakuru kwenye vyungu vyenye udongo mweusi wa shambani uliochanganywa na samadi iliyokomaa vizuri, nikazimwagilia kila jioni maji ya mfereji. Ndivyo mama alivyotunza sukuma wiki zake, na zilistawi.

Mbili ziliinama ndani ya juma moja. Tatu zilioza shingoni. Mbili zilizobaki zilikauka juu polepole, na nilipochimba nikakuta kila moja imeacha kiazi kipya kidogo kama punje ya njegere. Nilifurahi sana. Mwaka uliofuata kiazi kimoja kilitoa jani moja dogo, hakikutoa ua, na kiazi chake cha baadaye kilikuwa kama kichwa cha kiberiti. Mwaka wa tatu hakukuwa na kitu. Nilipepeta ule udongo wote kwa chujio la chai nikitafuta.

Sikuelewa mpaka niliposoma maisha ya mbegu ya okidi, na kuelewa kwenyewe kuliniuma kuliko kile kifo. Mbegu ya haragwe hubeba chakula chake, vile vipande viwili tunavyovitafuna. Mbegu ya okidi haina chakula. Ni vumbi tu, kiinitete cha seli chache ndani ya ngozi nyembamba ipeperukayo. Charles Darwin alihesabu mbegu kwenye tunda moja la okidi ya ardhini ya kwao Uingereza akapata kama 6,200, na mmea wenye matunda thelathini ukawa na zaidi ya 186,000. Lakini huko Uingereza hakuna uwanda uliojaa okidi hadi upeo wa macho, kwa maana karibu mbegu zote hizo hufa. Ile inayopona ni ile iliyoangukia mahali penye kuvu yake. Nyuzi za kuvu huingia ndani ya mbegu, na mbegu hunyonya sukari na madini kutoka kwa kuvu hiyo, ikiishi gizani chini ya ardhi kwa miezi, wakati mwingine miaka, kabla haijatoa jani la kwanza. Aliyeligundua hilo ni Mfaransa Noël Bernard, mwaka 1899.

Okidi za ardhini za msituni haziachani na kuvu hiyo hata zikikomaa. Kivuli kimewabana, majani ni mawili tu, jua ni vitone. Sehemu ya riziki yao inatoka kwa kuvu, na kuvu inatoka kwenye majani yaliyooza na mizizi ya miti iliyo jirani. Kwa hiyo nilichochimba kwa kile kijiko kilikuwa nusu ya kiumbe. Nusu nyingine niliiacha chini ya mutere, na kidogo nilichobeba nikakiua kwa samadi.

Tena nilichimba wakati mbaya kuliko yote. Aina nyingi za okidi hizi huwa na viazi viwili: cha zamani, kinachosinyaa kadiri kinavyolisha jani na ua la mwaka huu, na kipya, kinachojazwa kwa ajili ya mwaka ujao. (Hata jina okidi linatokana na viazi hivyo viwili. Wagiriki waliviona wakakumbuka sehemu za siri za mwanamume, wakaita hivyo.) Mmea ukiwa na ua, kiazi cha zamani kimekwisha na kipya hakijajaa. Ni sawa na kumhamisha mtu akiwa amemaliza akiba ya ghalani na mahindi bado yako shambani.

Ndiyo sababu nasema, na sitachoka kusema, kwamba swali la kwanza la mfuga okidi ndogo haliko kwenye udongo wala maji. Ni hili: mmea huu umetoka wapi?

Jirani zetu Tanzania wanalijua jambo hili kwa uchungu. Kwenye nyanda za juu za kusini kuna uwanda wa Kitulo ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake, na okidi za ardhini zimo kwa makumi ya spishi. Viazi vya okidi kama Disa, Habenaria na Satyrium vikawa biashara: vilichimbwa kwa magunia na kuvushwa hadi Zambia, ambako husagwa pamoja na karanga na kupikwa kuwa chakula kiitwacho chikanda. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iliundwa mwaka 2005, na ulinzi wa maua hayo ni mojawapo ya sababu zake. Sipendi kumlaumu mama anayepika chikanda; ni chakula cha asili na kina heshima yake. Lakini kila kiazi kwenye gunia lile ni mmea uliosubiri miaka kadhaa hadi kufikia kutoa ua, na haurudishwi kwa msimu mmoja kama viazi vya Molo.

Huku kwetu hatuli viazi vya okidi. Huku tunavipiga picha na kuviuza kwa simu. Miaka michache iliyopita niliona tangazo la okidi adimu za ardhini zilizozalishwa kitaluni. Nilimpigia muuzaji, akanihakikishia, nikatuma pesa. Kifurushi kilikuja kwa basi. Nilipokifungua nilijua kabla sijamaliza kukifungua: mimea kumi na miwili, kila mmoja na ukubwa wake, udongo mwekundu wa msituni umegandamana kwenye mizizi, mizizi imekatwa kwa jembe, majani yana matundu ya wadudu, na katikati kuna kipande cha unyoya wa kuvumwani, ule uoto laini wa kwenye magome ya miti. Hakuna kitalu kinachozalisha kuvumwani. Nilipompigia tena alisema kwani kuna tofauti gani, si yote ni maua? Nilishindwa kumjibu siku ile kwa kuwa koo lilikaba. Mimea ile niliipeleka kwa watu wanaohusika na misitu, na moyoni najua kwamba haikupona.

Mmea uliozaliwa chunguni una alama zake. Mizizi imezunguka kufuata umbo la chungu. Ndugu zake wana umri na kimo kinachokaribiana. Mwenyewe anaweza kukueleza mama yake ni yupi, aligawanywa mwaka gani, hutoa ua lini, hupumzika lini. Anayekuuzia mmea wa msituni hana hadithi hiyo. Anao tu msimu wa mvua, kwa sababu kiangazi hata yeye haoni pa kuchimba.

Sheria nayo iko upande wa maua. Kutoa mmea kwenye msitu wa serikali bila kibali ni kosa. Okidi zote duniani zimo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na Kenya ni mwanachama tangu mwaka 1978. Ukitaka kuagiza mmea kutoka nje, unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haujasafirishwa, cheti cha afya ya mmea kutoka kule unakotoka, na hati za CITES, ambazo hapa kwetu zinashughulikiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Miche michanga iliyo ndani ya chupa za maabara zilizofungwa bila vijidudu imelegezewa masharti ya CITES kwa spishi nyingi, lakini kibali cha KEPHIS hakikwepeki. Ni kazi, ndiyo. Mimi sijaagiza hata mmoja kutoka ng'ambo, na wala sioni kwamba nimepungukiwa.

Okidi yangu ya kwanza halali nilipewa bure. Mama mmoja wa Kitale, rika la mama yangu, alikuwa ameajiriwa ujanani kwenye bustani ya mkulima wa kizungu, na mkulima huyo alipohama alimwachia chungu kimoja. Nilifika kwake kwa sababu nyingine kabisa, msiba wa rafiki wa familia, nikaketi kwenye baraza lake, na pale karibu na mguu wa kiti nikaona majani yamejipanga duara, kijani chenye madoadoa ya zambarau iliyokolea, na kikonyo chenye vijiua vidogo vya rangi ya urujuani, kila kimoja na midomo iliyochanwachanwa kama pindo la kitambaa. Stenoglottis fimbriata. Asili yake ni kusini mwa Afrika, hukua kwenye miamba yenye kuvumwani na vigogo vya miti. Sikumwomba. Alinitazama tu nilivyoinama, akasema, "Mwanangu, wewe umeugua ugonjwa huu wangu." Alinitaka nirudi Januari.

Januari nilirudi. Chungu kilikuwa na udongo mkavu tu. Alikipindua kwenye gazeti, akapukutisha, na ndani mkawa na vishada vya mizizi minene kama vidole vya mtoto, kila kishada na jicho lake juu. Alitenganisha viwili kwa mkono bila kisu, akanifungia kwenye gazeti lile lile. "Usimwagie maji mpaka uone pua," aliniambia.

Kwa anayeanza, hiyo ndiyo okidi ningemshauri, au ile yenye majani ya mahameli iitwayo Ludisia discolor kutoka kusini-mashariki mwa Asia. Ludisia hata haihitaji kugawanywa: kata kipande cha shina chenye vifundo viwili vitatu, kilaze kwenye kitu chenye unyevu mahali pa kivuli, na majuma machache baadaye kina mizizi. Maua yake meupe ni mazuri, lakini watu huifuga kwa ajili ya majani, mekundu meusi yenye mishipa inayong'aa kama waya wa shaba. Kwangu iko dirisha la jikoni, kwa kuwa mvuke wa sufuria unaipendeza. Sina mengi ya kusema juu yake. Haikuwahi kunisumbua.

Stenoglottis ilinifundisha maji. Wenyeji wa Nakuru wanajua habari ya maji ya visima vya Bonde la Ufa: yana floraidi nyingi, na waliokulia huku utawatambua kwa meno yenye rangi ya kahawia. Pamoja na floraidi kuna chumvi nyingine. Mwaka wa kwanza ncha za majani yangu zilianza kuungua, weusi ukashuka kidogo kidogo kuelekea katikati, na juu ya chungu kukafanyika ukoko mweupe. Nilidhani ni ugonjwa nikanunua dawa ya ukungu, pesa ikaenda bure. Ulikuwa ukoko wa chumvi. Maji yakikauka chunguni, chumvi haiendi popote; inabaki, inaongezeka, inaunguza mizizi. Siku hizi natumia maji ya mvua peke yake. Nimeweka tangi la lita mia mbili chini ya mfereji wa paa la mabati, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi naiachia ipite, kwa sababu inaosha vumbi na mavi ya ndege. Tangi hilo linanitosha mwaka mzima. Mimea yenyewe ni midogo, inakunywa kwa kikombe cha chai.

Kwa udongo, Nakuru imebarikiwa. Menengai ilipolipuka zamani hizo ilitumwagia mawe mepesi yenye vitundu, yale ambayo akina mama husugulia nyayo. Yanashika unyevu ndani ya vitundu vyake na wakati huo huo yanaacha hewa ipite kati ya punje na punje, na mizizi ya okidi hufa kwa kukosa hewa kabla haijafa kwa kukosa maji. Nanunua gunia kwa kijana anayeuza mchanga, nayapondaponda, nayachekecha kwa wavu wa fundi wa mjengo, nachukua punje za ukubwa wa mahindi na za ukubwa wa mtama. Sehemu tatu za mawe hayo, sehemu moja ya mboji ya majani iliyooza hadi ikawa kama tumbaku, sehemu moja ya makumbi ya nazi. Makumbi yanatoka Pwani na mara nyingi yana chumvi, kwa hiyo nayaloweka na kuyasuuza mara tatu. Samadi, hapana. Udongo wa shambani, hapana. Kuvumwani ya kung'olewa kwenye miti ya Mau, hapana kabisa, maana nayo ina wenyewe.

Chungu kiwe cha udongo wa mfinyanzi na kiwe kidogo. Nilikuwa nanunua vikubwa nikidhani naipa nafasi, kumbe nalilea dimbwi. Kivuli kiwe cha kusoma gazeti bila kukunja uso. Usiku wa Nakuru una baridi, mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na okidi za milimani zinaupenda usiku huo. Koa ndiye adui ninayemwogopa. Usiku mmoja tu anamaliza machipukizi ya mwaka mzima, akikuachia njia inayong'aa kama utepe wa hariri. Huwa natoka na tochi saa nne usiku, nawaokota kwa mkono. Mke wangu alizoea.

Kilichonichukua muda kukubali ni kupumzika. Majani ya Stenoglottis huanza kuwa manjano maua yakiisha. Mara ya kwanza niliongeza maji, nikaongeza mbolea, nikahamisha chungu, kama mtu anayemtikisa mgonjwa aamke. Karibu nimwue. Mmea ulikuwa unajiandaa kulala. Siku hizi majani yakigeuka rangi napunguza maji, yakikauka nasimamisha, na kuanzia Novemba hadi Februari chungu kinakaa chini ya baraza pasipofikiwa na mvua ya vuli, na mara moja moja nanyunyiza pembeni ili mizizi isikunyae kabisa. Kwa macho ya mgeni ni chungu cha mchanga.

Na hilo ndilo lililosababisha msiba wa mwaka wa tano. Nilikwenda Kakamega kumzika kukhu. Tulikaa siku kumi. Niliporudi nikakuta baraza limefagiliwa, limepigwa deki, linang'aa. Binamu yangu aliyebaki kuangalia nyumba alikuwa ametaka kunipokea kwenye nyumba safi baada ya matanga. Vyungu vyangu sita vilikuwa vimeoshwa na kupangwa kwa ukubwa, kifudifudi. "Nilimwaga ule mchanga kule kwa migomba," alisema, na alisema kwa upendo. Sikuweza kumgombeza. Nilitoka nikapiga magoti chini ya migomba jioni ile, nikiwa bado na suti ya mazishi, nikachambua udongo kwa vidole hadi giza likaingia, na sijui kama nilikuwa namlilia kukhu au viazi. Binamu alikuja na taa. Alipoelewa ninachotafuta alipiga magoti naye. Tulipata vishada vinne. Tangu siku hiyo kila chungu kina kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: NIMELALA, USINIMWAGE.

Kuhusu mbegu nitasema yale niliyoyafanya kwa mikono yangu. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu za okidi zinaweza kuota bila kuvu, zikipewa sukari na madini ndani ya chupa isiyo na vijidudu. Ndiyo njia ambayo imejaza supamaketi zile okidi za vipepeo, na haiko mbali na ile inayotupa migomba ya maabara wakulima wanayoijua. Kwa kuwa kazi yangu ni maabara, niliona nijaribu. Kwanza nilichavusha kwa mkono: chavua ya okidi haipeperuki, imeshikana kuwa vidonge viwili vyenye gundi, nikavinasa kwa kijiti cha meno na kuvibandika kwenye ua jingine. Nilimkumbuka Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka kumi na miwili kisiwani Réunion, ambaye mwaka 1841 aligundua jinsi ya kuchavusha vanila, ambayo nayo ni okidi, kwa kijiti na kidole gumba. Kila shamba la vanila duniani lililo mbali na kwao Mexico linategemea alichokiona mtoto yule.

Matunda yalijaa. Niliyakata kabla hayajapasuka, nikayasafisha nje kwa Jik, nikachemsha chupa za jemu zenye sukari, madini na aga ya kugandishia ndani ya sufuria ya presha, nikapanda mbegu ndani ya sanduku la kioo nikiwa nimeziba pua. Chupa ishirini na nne. Kufikia mwezi wa pili zote zilikuwa zimeota ukungu, wa kijani, wa kijivu, mmoja wa waridi. Nilirudia mwaka uliofuata, nikaokoa chupa tatu zenye nukta za kijani, nazo zilikufa nilipozitoa kwenye chupa kwenda kwenye hewa kavu ya Februari. Nilipaswa kusubiri masika. Nilijua hivyo, sikuweza kuvumilia.

Lakini tunda moja nilikuwa nimelisahau. Lilipasuka lenyewe likamwaga vumbi lake kwenye chungu cha mama yake, mahali ambapo kuvu ipo tayari. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, nikimwinda koa kwa tochi, nikaona pembeni mwa chungu vijani vyenye upana wa kichwa cha sindano. Nilihesabu kumi na moja. Nilirudi ndani nikamwamsha mke wangu aje aone. Alikuja.

Saba kati ya hivyo viko hai mpaka leo, na vitatu vimekwisha toa maua.

Disperis sina. Nikipata siku moja mche uliozaliwa chunguni nitaufuga. Mpaka hapo nazifuata kule kule. Kila mwaka mvua za masika zikishakolea naenda Isecheno, nalipa kiingilio, namchukua kijana mwelekezi ambaye sasa anazijua kuliko mimi, na tunatambaa na lenzi. Mwaka jana pale karibu na mutere wa kukhu tulihesabu kumi na tisa.

Mwezi Januari uliopita simu ililia, alikuwa mama wa Kitale. Mvua za mwisho wa mwaka zilikataa kukoma kule kwao, baraza lake lilivuja, na chungu chake, kile cha mkulima, kilioza chote. Alinieleza polepole, kama mtu anayetangaza tanzia. Jumamosi ile ile nilipindua chungu changu kikubwa kwenye gazeti, nikatenganisha vishada vitatu kwa mkono, vyenye afya kuliko vyote. Nilivipanda kwenye chungu kipya chenye mawe ya Menengai, nikavipakata kwenye matatu kutoka Nakuru hadi Eldoret, kisha nyingine kupitia Soy na Moi's Bridge hadi Kitale. Abiria wa pembeni aliniuliza mara mbili kwa nini nasafirisha mchanga.

Mama alikuwa amekaa barazani akinisubiri. Alikipokea chungu kwa mikono miwili, akakikagua kutoka juu, akaingiza kidole kwenye mawe hadi kifundo cha kwanza. Kisha akanyanyua uso.

"Hujakinywesha?"

"Sijakinywesha, mama. Nasubiri pua."

Alikiweka pale pale karibu na mguu wa kiti.